Oksijeni Moja Ndani ya Fuwele

(Hotuba niliyoitoa Arusha mbele ya walimu wa kemia na wanafunzi wa kidato cha sita. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma: habari za asubuhi. Walionifundisha nawaona safu ya mbele. Shikamooni.

Leo nitazungumzia fuwele, yaani vitu ambavyo atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, na hasa zile ambamo oksijeni na florini hushika metali moja. Nitaanza na meno. Wengi wetu tuliokulia chini ya Mlima Meru tuna meno ya kahawia, na sababu tunaijua tangu utotoni: maji. Miamba ya volkano huachia floridi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku kwetu vinapita hapo. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake yanaumbika, gamba la jino haliivi sawasawa.

Hilo mmelisikia mara nyingi. Ambalo pengine hamjalisikia ni kwamba jino ni fuwele: fuwele ndogo ndogo za kalsiamu, fosfeti na hidroksidi. Floridi ikifika pale, huingia kwenye nafasi ya hidroksidi na kukaa, kana kwamba kiti kilikuwa chake siku zote. Fuwele haipasuki wala haibadili umbo. Inawezekanaje mgeni akakaribishwa hivyo? Kwa sababu ya saizi. Hidroksidi ni oksijeni iliyobeba hidrojeni moja. Oksijeni peke yake, yaani ioni (atomu yenye chaji) ya oksidi, ina nusu kipenyo cha pikomita 140 hivi, pikomita ikiwa sehemu moja ya trilioni ya mita, na ioni ya floridi 133. Tofauti yake ni ndogo mno.

Hawa wawili ni Kurwa na Doto. Ukiwapima kwa saizi utawachanganya. Ukihesabu elektroni utawachanganya zaidi, maana kila mmoja ana elektroni 10. Wanapotofautiana ni kwenye madai yao. Kurwa, yaani oksidi, ana chaji hasi mbili. Doto, floridi, yaani ioni ya florini, ana moja. Kurwa hatulii mpaka apate bondi zenye jumla ya 2. Doto akipata 1, ametosheka. Nawaombeni mlishike hilo, kwa sababu yote nitakayosema leo yanatokana nalo.

Vitu ninavyovizungumzia vinaitwa oksofloridi za metali za mpito. Ni fuwele ambamo metali moja, iwe titani, vanadi, niobi, molibdeni au tungsteni, imeshikwa na Kurwa na Doto kwa pamoja. Kati ya hizo nimechagua niobi, kwa sababu hadithi yake inaishia karibu sana na hapa tulipo.

Mwaka 1801, huko London, Charles Hatchett alichunguza jiwe jeusi kutoka Marekani lililokuwa limehifadhiwa British Museum. Akaona ndani yake elementi mpya, akaiita kolumbi. Mwaka uliofuata Anders Ekeberg wa Sweden naye akapata ya kwake, akaiita tantali. Mwaka 1809 William Wollaston akasema hizo mbili ni kitu kimoja, na watu wakamwamini kwa miaka mingi. Ndipo mwaka 1844 Heinrich Rose, Mjerumani, akasema hapana, ni mbili, na akaipa moja jina la niobi, kwa sababu katika hadithi za Wagiriki Niobe ni binti wa Tantalus.

Wollaston hakuwa mzembe. Tazameni jedwali la elementi: niobi ni namba 41, tantali ni namba 73, moja iko chini ya nyingine. Tantali ina protoni 32 zaidi, na mngetegemea iwe kubwa. Lakini katikati yao imepita safu ya elementi ziitwazo lanthanidi, na kiini chenye protoni nyingi kimezivuta elektroni ndani. Mwisho wake, ioni za niobi na tantali zenye chaji chanya tano zina nusu kipenyo kile kile cha pikomita 64. Nao pia ni Kurwa na Doto! Kwa hiyo mwanakemia wa karne ya 19 alikuwa mbele ya pacha wawili wa metali, na zana aliyokuwa nayo kuwatenganisha ilikuwa ni pacha wawili wengine.

Aliyefanikiwa ni Jean Charles Galissard de Marignac, wa Geneva, mwaka 1866. Alichofanya mwanafunzi yeyote humu anaweza kukifuata kwa akili, ingawa nakataza kabisa asikifuate kwa mikono. Aliyeyusha madini katika asidi ya hidrofloriki, akaongeza floridi ya potasiamu, akaacha maji yapoe. Kwanza zikajitokeza fuwele kama sindano nyembamba. Hizo zilikuwa K₂TaF₇, chumvi ya tantali. Maji yaliyobaki yalipopunguzwa zikaja fuwele nyingine, bapa, kama vijani vidogo: K₂NbOF₅ yenye molekuli moja ya maji, chumvi ya niobi. Ile ya niobi huyeyuka katika maji baridi zaidi ya mara kumi kuliko ya tantali. Unachuja, unarudia, unachuja tena, na wale ambao mabingwa waliwachanganya kwa nusu karne wamekaa kwenye vyombo viwili.

Sasa someni fomula hizo mbili taratibu. Ya tantali ina florini saba. Ya niobi ina florini tano na oksijeni moja. Katika asidi hafifu maji huishambulia niobi, oksijeni moja huingia, na florini mbili hutoka. Tantali haikubali, inang'ang'ania florini zake. Ukiongeza asidi ikawa kali mno, niobi nayo hufukuza ile oksijeni na kuwa K₂NbF₇. Hapo kazi imeharibika, kwa sababu K₂NbF₇ na K₂TaF₇ zina umbo moja la fuwele, na zitaganda pamoja kama chumvi na chumvi. James Lynn Hoard wa Chuo Kikuu cha Cornell alizipima kwa eksirei na kutoa matokeo mwaka 1939, na miundo yake ikalingana: metali katikati, florini sita kwenye pembe za mche wa pembetatu, na ya saba imekaa juu ya mojawapo ya nyuso za ubavuni. Kwa hiyo utengano wote wa Marignac ulisimama juu ya oksijeni moja. Ikiwepo, tunapata metali mbili safi. Isipokuwepo, tunarudi kwa Wollaston.

Viwanda vilitumia njia hiyo mpaka miaka ya 1950, ilipokuja njia ya kuchuja kwa vimiminika viwili visivyochanganyika. Lakini K₂TaF₇ haijastaafu. Hadi leo unga wa tantali wa kutengenezea kapasita, vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, kwa kawaida hupatikana kwa kuichoma chumvi hiyo hiyo pamoja na sodiamu. Kapasita hizo zimo ndani ya simu na kompyuta, na sehemu kubwa ya madini yake hutoka kwa majirani zetu, Kongo na Rwanda. Wachimbaji wa Rubaya, kule Masisi, Kivu Kaskazini, wanaochimba kwa sururu na kuosha mchanga mweusi mtoni, wanaiita koltani. Jina hilo ni kifupi cha kolumbiti na tantaliti, madini ya kolumbi na tantali. Yule kolumbi wa Hatchett bado anaishi katika nusu ya neno hilo. Na asidi ya hidrofloriki yenyewe hutengenezwa kwa kuchanganya madini ya florspari na asidi ya salfuriki. Florspari ilichimbwa kwa miaka mingi Bonde la Kerio, Kenya. Nalisema hili kwa uchungu kidogo: mawe yanatoka katika ukanda wetu, na ile hatua ya kuamua kama oksijeni moja iingie au isiingie, ambayo ndiyo yenye thamani, hufanyika mbali. Sioni sababu ya kemia hiyo kubaki ngeni kwetu.

Tuingie ndani ya fuwele. Chukueni ioni ya NbOF₅ yenye chaji hasi mbili. Niobi iko katikati, na majirani sita wamemzunguka: juu, chini, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Majirani wote wangekuwa florini, niobi angekaa katikati kabisa. Lakini juu pamekaa oksijeni. Niobi mwenye chaji chanya tano hana elektroni hata moja kwenye obiti zake za d. Vyumba viko wazi. Oksijeni ana elektroni za kutoa, na anazimimina mle. Bondi yao inakuwa fupi na yenye nguvu, karibu pikomita 175. Niobi anasogea juu kuelekea oksijeni, na florini ya chini anaachwa nyuma: bondi yake inarefuka hadi kama pikomita 210. Zile florini nne za pembeni zinabaki kwenye 194 hivi. Niobi hayuko katikati tena. Chumba chake kimeegemea upande mmoja.

Tatizo linakuja mnapotaka kujua ni yupi oksijeni. Eksirei huona elektroni, na nimeshasema kila mmoja wa pacha hawa ana 10. Mkijaribu nyutroni, ambazo huona kiini badala ya elektroni, nako bahati si nzuri: nguvu ya oksijeni kutawanya nyutroni ni femtomita 5.80, na ya florini 5.65. Karibu sawa. Mashine ghali kuliko zote tulizonazo zinawaangalia Kurwa na Doto na kusema, sijui.

Na watu wazuri wameteleza hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza ulipimwa muundo wa WOF₄, oksofloridi ya tungsteni. Tungsteni nne zilionekana zimeshikana kwenye duara, na walioipima walidhani daraja kati yao ni oksijeni. Muda si mrefu wengine wakapima mitetemo ya bondi kwa mwanga, wakasikia mlio wa bondi fupi ya tungsteni na oksijeni iliyosimama peke yake, bila kushika metali ya pili. Oksijeni alikuwa pembeni. Daraja lilikuwa ni florini.

Nami niliteleza, na nitawasimulia. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili ughaibuni. Kazi yangu ilikuwa kukuza fuwele za shaba, niobi na piridini, kimiminika cha kaboni chenye nitrojeni. Unachukua mfuko wa Tefloni, ukubwa wa bahasha ndogo, kwa sababu kioo hakifai. Asidi hii inakila. Unatia oksidi ya shaba, oksidi ya niobi, piridini, maji kidogo, na asidi yenyewe. Unaziba mdomo wa mfuko kwa joto. Unauweka ndani ya chombo cha chuma kinachofungwa kwa nguvu, unakitia kwenye tanuri la nyuzi 150 kwa saa 24, kisha unakipoza polepole, nyuzi 6 kwa saa. Kando yako iko jeli ya kalsiamu glukoneti muda wote, kwa sababu asidi ya hidrofloriki hupenya ngozi na kukamata kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa mpaka madhara yameshaingia ndani. Narudia kwa walimu: hili si jaribio la shule.

Nilipofungua mfuko nikakuta fuwele za buluu, safi, zinameta. Nilizipenda mno. Nikazipima kwa eksirei, na programu ikaniuliza majirani wa niobi ni akina nani. Nikaandika florini zote sita. Programu ikakubali. Hesabu zikatulia vizuri. Bondi moja ilikuwa fupi kuliko wenzake, nami nikaifanya kasoro ndogo ya vipimo. Nikapeleka kwa msimamizi wangu.

Hakutazama namba. Alinyanyua kichupa dirishani akaniuliza, "Hii rangi gani?" Nikasema buluu. Akasema, "Kama niobi ana florini sita, ioni yake ina chaji hasi moja. Basi shaba yako ina chaji chanya moja. Shaba ya namna hiyo inaupata wapi ubuluu huu?" Nilinyamaza. Shaba ya buluu ni ile ya chaji mbili, tunaijua tangu kidato cha pili tulipochezea salfeti ya shaba. Ili chaji zilingane, niobi lazima awe na oksijeni mmoja. Nilimwandika Kurwa kwa jina la Doto, na mashine ya mamilioni ikanyamaza, ila rangi ndiyo iliyosema.

Baada ya hapo akanifundisha hesabu ambayo nataka mwondoke nayo, kwa sababu inataka chaki na kikokotoo tu. Linus Pauling alitoa wazo mwaka 1929: kila ioni hugawa chaji yake kwa bondi zake, na jumla lazima ilingane. Baadaye wengine, hasa David Brown wa Kanada, waliligeuza kuwa fomula: nguvu ya bondi ni e (namba 2.718 hivi) iliyopandishwa kwa (R₀ − R) ÷ 0.37, R ikiwa urefu wa bondi katika angstromu, yaani pikomita 100. R₀ husomwa kwenye jedwali. Ya niobi na oksijeni ni 1.911, ya niobi na florini ni 1.87.

Tufanye pamoja. Bondi fupi, 1.75. Tukisema ni oksijeni, tunapata karibu 1.5. Kurwa anadai 2, kwa hiyo amebakiwa na dai la 0.5, atalimaliza kwa majirani wengine. Inakubalika. Tukisema ni florini? Tunapata 1.38. Doto hadai zaidi ya 1. Amepewa asichoweza kubeba, basi si yeye. Sasa bondi ya pembeni, 1.94. Tukisema ni oksijeni tunapata 0.92, na anabaki na njaa ya zaidi ya 1, njaa isiyoweza kushibishwa na potasiamu walio mbali. Tukisema ni florini tunapata 0.83, ametosheka karibu kabisa. Ya chini, 2.10, kama florini inatoa 0.54. Mmeona? Mashine hazikuwatambua, lakini tukiwauliza kila mmoja anadai kiasi gani, wanajitaja wenyewe.

Kutoka hapo Kenneth Poeppelmeier na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, wameona jambo zuri. Tazameni tena madai yaliyobaki. Oksijeni wa juu amebakiwa na kama 0.5. Florini wa chini naye kama 0.5. Wale wanne wa pembeni 0.2 kila mmoja. Ni nani basi watanyoosha mikono kwa metali ya jirani? Wa juu na wa chini. Kwa hiyo ioni hii mara nyingi hujipanga kwa mhimili huo mmoja.

Mhimili huo uchoreni kama mshale, kutoka florini wa chini kwenda oksijeni wa juu. Na mishale inaweza kupangwa namna mbili. Mishale ikielekea kwa jumla upande mmoja, fuwele inakuwa na kichwa na mkia. Nusu ikielekea huku na nusu kule, inafutana. Mwaka 2007 kundi hilo lilitoa mfano ninaoupenda kuliko yote: KNaNbOF₅ na CsNaNbOF₅. Ioni ya niobi ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba potasiamu ameondoka na sesiamu, aliye mkubwa zaidi, amekuja. Yenye potasiamu ina kichwa na mkia. Yenye sesiamu, mishale imefutana. Fuwele zenye kichwa na mkia zinaweza kuongeza maradufu masafa ya mwanga: unaingiza leza ya nanomita 1,064 isiyoonekana kwa macho, unapata 532, kijani kibichi. Ile ambayo mishale yake imefutana, hata uipige kwa leza usiku kucha, haikupi kijani hicho.

Kuna hali moja ambayo hesabu ya chaki huishia njiani, nayo ni mpangilio unapokosekana kabisa. NbO₂F ni mfano. Kwa eksirei inaonekana mchemraba mtimilifu: niobi kwenye kila pembe, na katikati ya kila ukingo jirani mmoja, theluthi mbili oksijeni na theluthi moja florini, waliotawanyika ovyo. Mchemraba huo ni wastani. Ni sawa na kupiga picha mia za watu mia na kuziweka moja juu ya nyingine: utapata uso mmoja laini usio wa mtu yeyote. Ndani kabisa, kila niobi amesogea kuelekea oksijeni wake mwenyewe. Hapo ndipo tunaita msaada wa florini-19, isotopu pekee ya asili ya florini, ambayo kiini chake huitikia katika sumaku kali na kueleza amezungukwa na nani. Ukosefu huo wa mpangilio si ubovu. Li₂VO₂F, ambayo lithi na vanadi zimetawanyika ndani yake pamoja na oksijeni na florini, imechunguzwa kwa bidii tangu 2015 kwa ajili ya betri.

Muda wangu unakwisha, na mwenyekiti ananitazama. Hapa mezani nimeleta vijiti vya mishikaki, viazi vya kuwakilisha metali, na ndimu kwa wingi. Ndimu nilizopaka wino mwekundu ni oksijeni, zilizobaki ni florini, na nimezichagua zote saizi moja kwa makusudi. Kila vijana watano wachukue kiazi kimoja. Jengeni kwanza NbOF₅, mkate kijiti cha ndimu nyekundu kiwe kifupi na cha upande wa pili kiwe kirefu. Mkishamaliza, jaribuni TaF₇. Ile ndimu ya saba ndiyo itakayowasumbua, basi msiichomeke kabla hamjajua uso upi wa mche una nafasi.